Betri Isiyo na Kibandiko

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Wangaluka. Nimeanza na salamu zote mbili, ya Kiswahili na ya kwetu, maana uliandika kwamba ugenini nitasahau mojawapo. Sijasahau. Goti lako la kushoto linaendeleaje, bado linatabiri mvua kuliko redio? Na viazi je, umeshaanza kukata michembe au jua halijakuridhisha? Mimi ni mzima wa mwili. Baridi ya huku imelegea na nimeacha kuvaa soksi mbili mbili. Roho ndiyo haijatulia, na ndiyo sababu ya barua hii.

Umeniandikia kwamba Kaka Mihayo amekuambia aliniuliza jambo dogo la betri nami nikamnyima jibu. Halafu ukaongeza, kwa mwandiko ule wako wa kukandamiza kalamu, "Mjibu kaka yako. Elimu si chumvi kwamba ukiigawa itakuishia." Mama, maneno hayo yaliniliza. Halafu yakanikasirisha, halafu yakaniliza tena. Nimeona nikueleze kwa karatasi, kwa kuwa simu unayotumia ni ya Kaka, na kila nikipiga anaiweka sauti kubwa majirani wote wasikie namna dadake anavyoongea kutoka Ujerumani. Ninayokuandikia hayafai sauti kubwa. Barua anakuja nayo mchungaji mmoja wa huku anayetembelea sharika za Tabora. Jumapili atakuwa kanisani kwenu Kwihara. Kiswahili chake ni "Bwana asifiwe" na "asante sana", kwa hiyo usimuulize kitu. Ukiipokea, nenda nayo nyumbani uisome peke yako.

Unakumbuka nililetwa huku na Kanisa kuhudumia wazee, kisha nikabaki kujifunza kazi ya mikono. Kazi yenyewe sikuwahi kukueleza vizuri. Yaletwa magari ya umeme yaliyogongwa au kuzeeka, tunatoa betri zake, tunazifungua na kuzichambua. Betri ya gari, Mama, usifikirie lile boksi la trekta. Ni sanduku pana kama kitanda chako, linalala chini ya gari lote, na ndani yake zimepangwa betri ndogo ndogo nyingi tunazoziita seli. Na hazifanani tabia. Watu wanasema "betri ya lithiamu" kana kwamba ni kitu kimoja, sawa na mtu kusema "chakula" bila kusema kama ni ugali au nyama.

Kwa kifupi ziko za aina mbili zinazotupa kazi. Moja ina nikeli, manganizi na kobalti. Hiyo ni nyepesi na inabeba nguvu nyingi, gari linakwenda mbali. Ila ina deko. Haitaki joto, haipendi kukaa imejaa pomoni, na ikikasirika inawaka moto usiozimika kwa ndoo ya maji. Nyingine imetengenezwa kwa chuma na fosfati. Ni nzito, na kwa uzito uleule haifiki mbali kama mwenzake, na baridi ikikaza inagoma kuchajiwa. Lakini inavumilia joto, unaweza kuijaza hadi juu, na inaishi miaka. Nilipoelezwa hivyo mara ya kwanza niliwaza embe na michembe. Embe ni tamu, lakini uliache juani uone. Michembe haina mbwembwe, ila njaa ikija ndiyo iliyobaki ghalani.

Na huku, Mama, wanalipenda embe. Ile ya nikeli ikifika inapimwa na kuangaliwa kama mtoto wa kwanza, kwa sababu ya madini yaliyomo. Kobalti yenyewe nyingi imetoka Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kulekule walikokuwa wakielekea wapagazi wa kwetu. Ile ya chuma haina cha kuchukuliwa ndani, basi inasukumwa pembeni isubiri kusagwa, hata kama bado ina nguvu za kuwasha nyumba yako na kanisa lote. Nimeshasaga betri nzima kwa mikono yangu huku nikiwaza Kwihara. Niliuliza kama naweza kupewa moja niisafirishe. Ndege haiichukui, meli haiichukui bila vibali ambavyo mtu kama mimi havipati. Nikarudi kazini nikaisaga.

Sasa hapo ndipo linapoingia gari la Kaka. Nilimwambia mapema kwamba magari ya umeme ya zamani yanayouzwa bei nzuri huko yana betri isiyo na kitu cha kuipoza, na joto la kwetu litaimaliza. Akaniambia mimi ni kitinda mimba na kitinda mimba huambiwa, haambii. Akalinunua, akaliegesha ndani ya lile bani la marehemu Baba la kukaushia tumbaku, chini ya mabati, mahali palipojengwa makusudi pawe pa moto. Wewe mwenyewe umenieleza yaliyofuata. Gari likawa linafika Kanyenye mjini kwa taabu na kurudi kwa kusukumwa, na wauza mkaa wa baiskeli wakipita wanamuuliza babu wa baba yake aliyekwenda Ujiji kwa miguu alisukumwa na nani. Nilicheka niliposoma, Mama, nisikudanganye. Baadaye nikamwonea huruma. Kaka Mihayo si mjinga, ni mtu mwenye haya, na aibu haina subira.

Ndiyo maana akaenda Kanyenye akanunua betri nyingine iliyotolewa kwenye gari lililogongwa. Amenitumia picha zake. Ni sanduku la kijivu, limepakwa rangi upya, kibandiko cha maelezo kimebanduliwa. Kaka akimuuliza fundi aliyemuuzia ni ya aina gani, anajibiwa, "Zote lithiamu, mzee, wewe funga tu." Lakini chaja aliyopewa inataka aiambie kama betri ni ya chuma au ya nikeli, maana zinajazwa kwa kipimo tofauti, na ukikosea ukaijaza kupita kiasi, umewasha moto kwenye uwanja wako mwenyewe. Swali lake basi si la kijinga hata kidogo. Aliniuliza, "We Kalunde, hiki kitu ni chuma au nikeli?"

Jibu langu la kweli ni kwamba sijui. Mimi ninayezifungua kila siku siwezi kujua kwa picha. Njia ninayoijua ni kulifungua sanduku na kupima seli moja. Ikisoma volti tatu na robo hivi, ni ya chuma. Ikikaribia nne, ni ya nikeli. Ni kipimo cha kitoto. Lakini ili uifikie hiyo seli moja, unaingiza mikono kati ya seli zote zilizounganishwa, na zote pamoja zina umeme mkali kuliko ule wa nguzo za barabarani unaoingia majumbani. Na betri haina swichi ya kuzima kilichomo ndani yake. Ndiyo maana nikanyamaza. Wewe unamjua mwanao. Redio aliifungua, saa ya Baba aliifungua, cherehani yako ilibaki na skurubu za ziada hadi leo. Nikimwambia "kuna njia", atasikia "fungua".

Nikueleze na hili, ambalo simu haiwezi kulisema. Aliyenifundisha kazi ni Bwana Rasim, mtu wa Bosnia, mpole, mwenye kuvaa glovu mbili mbili. Kabla ya kuingia tunavua pete, mikufu, kila kitu cha chuma, tunaweka kwenye bakuli mlangoni. Siku moja alisahau saa. Mkanda wake ulikuwa wa chuma. Aliinama kuchomoa waya, mkanda ukagusa ncha mbili kwa mpigo, ukatokea mwanga mweupe na mlio kama wa shoka linapopasua gogo kavu. Ule mkanda uliyeyukia mkononi mwake. Nilikuwa nimesimama karibu naye nimeshika fimbo yenye ndoano ya kumvuta mtu aliyenaswa na umeme, nami sikufanya lolote, kwa sababu hakukuwa na lolote la kufanya. Lilikuwa limeshakwisha kabla sijafumba macho. Yuko hai, anakaa getini anafungua mlango. Vidole vyake havikunji tena.

Tangu siku ile nikifumba macho naona mkono. Si wa Rasim, Mama. Ni mkono wa Kaka na bangili yake.

Ile bangili ya shaba ambayo babu yake Baba aliifua kwa waya aliolipwa kwa kubeba pembe za ndovu. Siku tuliyomzika Baba ulimvisha Kaka mbele ya ukoo, ukasema anayeivaa ndiye mwenye mzigo wa nyumba, na aliyeivisha ndiye pekee wa kuivua. Nilikuwa nimesimama nyuma yako nikilia. Kaka hajaivua kuoga, hajaivua kulima. Na shaba, Mama, ndicho kitu tunachotumia kuupitisha umeme. Inaupitisha vizuri kuliko chuma cha Rasim.

Wiki iliyopita nilijaribu kumwambia. Sikutaja seli wala kipimo, nilimwomba tu asiguse sanduku hadi nije likizo na glovu na mita yangu ya kupimia umeme, na kama ataligusa kwa namna yoyote, basi avue bangili. Nikadhani amenielewa.

Akasema, "Bangili hii aliyenivisha ni Mama, atakayenivua ni Mama. Au huko mmeshaacha mila?"

Nikamwomba anipe wewe. Akasema uko shambani. Nilipiga jioni, akasema umelala. Nikampigia Mwinjilisti wa hapo kanisani akufikishie ujumbe, naye akacheka akanitoa wasiwasi, akisema Mihayo ni fundi, na tena ameahidi kwamba betri ikipona itawasha kinanda cha kwaya. Kwa hiyo hata kanisa liko upande wa betri. Siwezi kuwalaumu. Umeme wenyewe ukikatika mnaimba gizani.

Hivyo ninachokuomba ni kimoja. Sikuombi umkataze, maana ukimkataza atasema ni mimi niliyekutuma, na atafungua kwa hasira. Mwambie bangili imechakaa, unataka uisugue kwa majivu na ndimu. Mvue kwa mkono wako, ikae nawe, mwambie utamrudishia nitakapokuja. Bila bangili hatalifungua sanduku, namjua, atajiona uchi. Nami nikija nitapima mwenyewe, akiwa amesimama mbali, na ikiwa ni ya chuma nitamwambia mbele ya wauza mkaa wote kwamba alinunua vizuri.

Nilikuwa nimefika hapo, Mama, nimeanza kuwaza salamu za shangazi, simu ikalia. Ni Kaka. Ametuma picha. Ameazima mita. Amevaa glovu, zile za mpira mwembamba mnazovaa kunyunyizia dawa ya tumbaku. Mkono wa kulia ameuinua anionyeshe dole gumba, na chini ya mpira, kwenye kifundo, bangili imetuna kama nundu. Ameandika kwamba mtandaoni amekuta jinsi ya kupima seli moja, eti siri yangu ameshaijua. Atalifungua Jumapili asubuhi, wewe ukiwa ibadani, usije ukampigia kelele.

Nimempigia. Amepokea, amecheka, amesema, "Ukisikia kinanda ujue ni mimi," akakata. Sasa hapokei, na Mwinjilisti nimempigia tena, ameniambia niache woga.

Mchungaji yuko chini, gari la kwenda uwanja wa ndege linamngoja. Nimemsihi akukabidhi barua kabla ya ibada kuanza. Ameitikia, lakini nimeona ratiba yake, salamu za wageni ziko baada ya mahubiri. Sina muda wa kuandika upya. Nilikwambia uisome nyumbani peke yako. Futa hilo. Isome hapohapo kwenye benchi. Juu ya bahasha nimeandika kwa herufi kubwa: ANZA UKURASA WA MWISHO.

Lakini nakujua, Mama. Barua zangu huzianza kwenye shikamoo, kwa kidole, mstari kwa mstari, hutaki kuruka hata neno, na ukifika pa kucheka unacheka kwanza. Nimekuwekea michembe, nimekuwekea wauza mkaa. Laiti ningeandika maneno machache.

Msalimie shangazi na watoto wa Kaka, na mke wake mwambie asisimame karibu. Usingoje baraka ya mwisho. Najua goti. Mtangulize mtu mwenye miguu, wewe fuata. Ukifika kwenye kona ya mihogo usingoje kufika nyumbani, mwite hapohapo kwa jina lake, kwa sauti ile uliyokuwa ukimwitia kula. Akiitika, mvue bangili.

Mwanao,
Kalunde