Mchanga Uliolowa Kabla ya Helikopta Kuanguka

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Hujulikana kazini kama Mzee Mchanga
Umri: Miaka 53
Kazi: Mpakiaji, uwanja wa majaribio ya helikopta
Makazi: Nyumba za wafanyakazi, nyuma ya karakana

Haya nayasema mwenyewe, sikushikiwa fimbo. Nimechoka, afande. Usingizi umenihama tangu siku ile.

Kazi yangu ni kupakia mifuko ya mchanga ndani ya helikopta. Ilikuwa inapimwa kama inafaa kupigana na ndege za adui angani: igeuke ghafla, isimame ghafla, ikwepe. Mchanga hukaa badala ya askari na makombora. Rubani alizoea kunitania, "Mzee Mchanga, ikiwa tupu hata mama mkwe wangu ataichezesha. Nipe uzito wa vita."

Mnamo tarehe 9 mwezi huu, saa mbili asubuhi, niliikuta mifuko imelowa chapachapa. Mvua ilikuwa imenyesha, na turubai la mifuko lilikuwa limefunika gari la msimamizi. Msimamizi ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Ndiye aliyeniingiza kazini. Nikamwambia, "Shemeji, hii imekunywa maji. Tuipime upya."

Akasema, "Mchanga ni mchanga. Wakubwa wameshakaa kwenye viti. Pakia, shemeji, usinitie aibu."

Nikapakia. Mgongo wenyewe uliniambia uzito umezidi, nami nikapakia.

Rubani alipofika aliuliza, "Uzito ni ule ule?"

Shemeji akajibu, "Ule ule."

Rubani akanigeukia mimi. Nikatazama viatu vyangu. Kila asubuhi mimi humwambia, "Mungu akutangulie, mwanangu." Siku hiyo sikusema. Ningemtajaje Mungu na uongo umesimama katikati yetu?

Ilipaa vizuri, ikakata kona ya kwanza. Kona ya pili, ile kali ya karibu na ardhi, ilizama badala ya kugeuka, mkia ukagonga chini. Nilisaidiana na watu wa zimamoto kumtoa rubani. Nyonga ilikuwa imevunjika. Aliniuliza tu, "Nimekosea wapi, mzee?"

Sasa nasikia inasemwa alifanya mbwembwe mbele ya wakubwa, na kwamba hataruhusiwa kurusha tena. Si kweli. Aliirusha kwa uzito aliotajiwa.

Leo asubuhi mke wangu aliniuliza, "Ukimtaja kaka yangu, nyumba hii si itachukuliwa? Tutalala wapi, baba watoto?" Nilivaa viatu, nikaja.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyafanya. Sina la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Maelezo ya afisa: Nimemsomea shahidi, amekiri ni sahihi. Nilimwuliza kama neno "shemeji" libadilishwe liwe "msimamizi". Akasema liachwe, kwani ndivyo atakavyomwita hata wakikutana mahakamani.

Koplo, mpelelezi wa zamu