Sauti za Marehemu Mama Yako

Papa Merveille,

Sombe iko motoni, kwenye babula, usiiache iungue. Sisi tumetangulia parokiani.

Asubuhi simu yako ilikataa kumpiga mutoto picha na kanzu yake ya komunio, eti imejaa. Nikafuta picha zote za maua za «bonjour» wanazokutumia watu wa kwaya yako, na video za matanga ya watu tusiowajua. Halafu nikakuta sauti za marehemu mama yako, akikulalamikia kwa lugha ya Mashi kwamba bugali wangu unafaa kukandika ukuta.

~~Nimezifuta.~~

Sikuzifuta. Nilizisikiliza zote, nikacheka peke yangu. Merveille hajui Mashi, na humu ndani hakuna mwingine anayetukana vizuri hivyo. Nunua kadi ya memori, uzihamishe. Jioni umtafsirie mutoto, wala usinihurumie.

Mama Merveille