Siku nane bila vidonge

Shoga, niko hospitali huku ugenini na bosi wangu, dada Melania. Haoni. Macho yako wazi, lakini haoni kabisa. Wanasema ni presha.

Daktari akaniuliza amemeza dawa lini mara ya mwisho.

Si unajua tulikuwa tumefunga kuombea kontena lake la bidhaa? Vidonge vya presha navyo aliviacha, siku nane, akaniapisha nisimwambie mtu, hata wa kanisani.

Akanibana mkono. "Mwambie jana. Ukiniaibisha kanisani, pasipoti yako huipati."

Pasipoti yangu anayo yeye, shoga. Na daktari alikuwa ananitazama mimi.

Nikasema siku nane, kwa Kichina changu cha sokoni.

Namba hizo alinifundisha yeye mwenyewe. Akauachia mkono wangu.

Nimekaa palepale kitandani kwake.