Hakuna Muntu wa Kunitukana

Kazi moja (jumatatu), 1 Septemba 1975

Nilifungua ateliye mapema. Randa, musumeno, vumbi. Kahawa bila sukari.

Mulenga, kapita wangu, musimamizi wa kazi, alichelewa. Mbele ya kusema jambo, aliniita ngozi ya mukoba wa bibi ya Muzungu. Nikamuambia leo nitamukaanga na nyanya. Bantu bote bakacheka.

Desturi ya kwetu Luapula: mimi ukoo wa Mamba, yeye ukoo wa Samaki. Tuko batani. Anaweza kunitukana mbele ya askofu na siwezi kukasirika. Mimi pia namutukana, lakini yeye iko na mudomo kunipita. Kitu kimoja tu ananipita.

Kiisha matusi, aliniambia kabati ya mama wa Kamalondo inainama kama mulevi. Nikaangalia. Kweli inainama. Nikaisimamisha.

Nimepata komandi ya milango ya nyumba mupya za bafanyakazi wa mugodi. Nyumba zote. Enjenia wa mugodi alichagua mimi. Anajua kuchagua. Toka hapa mupaka Ndola hakuna seremala kama mimi, na Ndola nimefika.

Kazi tatu, 3 Septemba

Semina ya bapatro, benye kampuni, katikati ya muji. Musemaji alitoka Kinshasa. Abakosti, ile koti ya bakubwa bila tai, ya kunyooshwa vizuri, shingo ndefu. Alisema kampuni yenye nguvu inajengwa na umbali. Mukubwa abakie mbali kidogo. Neno lipande ngazi, lishuke ngazi. Mukubwa mwenye bantu banamuzoea, kampuni yake ni soko.

Mi niliishia mwaka wa tatu wa shule, lakini nilielewa kila neno. Nilipiga mikono kupita bote.

Nitajenga biro ndani ya ateliye. Na mulango. Na kiti chenye kuzunguka.

Kazi tano, 5 Septemba

Haya. Haya kubwa.

Enjenia alikuja kuangalia ateliye. Mi ndani ya abakosti, natoa Kifaransa changu chote, hata kile cha siku ya Noeli. Mulenga akapaza sauti toka nyuma: “Mamba, ile nguo ulivua marehemu gani?” Akamuambia enjenia achungulie chini ya meza, ndiyo kitanda changu kiisha kula bukari ya saa sita.

Enjenia alicheka mupaka akashika ukuta. Mi nilitabasamu.

Alipoenda, niliita bantu bote. Nikasema utani umeisha ndani ya hii ateliye. Toka leo mi ni Sitwayen Direktere, mwananchi mukurugenzi.

“Hata mimi?” Mulenga akauliza.

“Wewe wa kwanza.”

Akavua kofia. Sijamuonaka kuvua kofia mbele yangu.

“Ndiyo, Sitwayen Direktere.”

Kazi mbili, 9 Septemba

Kimya kizuri. Bantu banafika kwa saa. Nikipita, banasimama. Musemaji wa Kinshasa alisema kweli.

Saa ya kupumzika nilibaletea kichekesho cha padri na mbuzi. Kufika katikati nikasahau mwisho. Nikakiacha pale, bila mwisho.

Bakacheka bote. Bakacheka sana.

Sikupenda.

Kazi ine, 11 Septemba

Mbao zimefika. Lori lilitoka njia ya Kasenga. Mufanyabiashara aliapa zimekauka mwaka muzima chini ya bati. Bei tamu. Kunishinda kununua, uzaliwe mara mbili.

Niliziangalia toka dirisha ya biro yangu mupya. Rangi yake nyekundu, nzuri. Direktere habebi mbao.

Niliita Mulenga. Nikamuuliza kama mbao iko muzuri.

“Kama Sitwayen Direktere anaona iko muzuri, iko muzuri.”

Ile ndiyo heshima. Nikazunguka kwa kiti.

Siku ya Mungu, 14 Septemba

Nilienda misa. Nikarudi. Nikapika sombe, majani ya muhogo na nyama, peke yangu, chungu nzima, kipimo cha bantu bengi. Ndiyo namna najua kupika. Mulenga alizoea kuja siku ya Mungu kula nyama yangu na kuniambia nilikata nyama ya mbwa.

Leo hakuja. Hata ile siku ya Mungu yenye kupita hakuja.

Nilikumbuka maziko ya bibi yangu, muke wangu. Desturi inasema mutani ndiye anashika kazi ya maziko. Mulenga alichimba kaburi. Kisha akafunga kitambaa cha marehemu kwa kichwa, akasimama mbele ya bantu bote, mikono kiunoni, akanigombeza na sauti ya bibi yangu mwenyewe: “Unaniletea vumbi la mbao kwa kitanda, wewe mume gani?” Nilicheka na machozi. Pasipo ile kicheko ningelala ndani ya kaburi pamoja naye.

Sombe ilibakia. Nikaipa majirani.

Kazi tano, 26 Septemba

Milango imeisha. Imesimama ukutani kama baaskari wa gwaride. Vernisi inang'aa, unaweza kunyoa ndevu mbele yake. Lori liliichukua leo. Enjenia alinipa mukono.

Jioni Mulenga alipiga hodi kwa mulango wa biro. Anataka kuacha kazi. Atatengeneza vitanda kwake, Katuba. Alisema vizuri, kama muntu wa posta. Hakuna tusi, hakuna malalamiko.

Ningeweza kusema bakia. Maneno yalifika hapa kwa meno. Nikasema: ruhusa imetolewa.

Direktere mujinga.

Kazi moja, 29 Septemba

Kabwe sasa ndiye kapita. Anasema ndiyo mbele nimalize kuuliza.

Kazi moja, 20 Oktoba

Joto. Mvua bado.

Enjenia aliniita kwenye nyumba mupya. Hakunipa mukono. Alinipeleka nyumba kwa nyumba. Milango imejipinda kama majani makavu. Moja haifungi. Ingine haifunguki. Mama mumoja amefunga wake na kamba ya kuanikia nguo. Mutoto alipitisha mukono kwenye ufa akanisalimia.

Mbao mbichi. Seremala wa toka nikiwa kijana, na nilinunua mbao mbichi.

Enjenia alisema nifanye yote mupya kabla mvua ishike, kwa gharama yangu. Kama sivyo, komandi inaenda kwa mwingine na jina langu linaisha katika muji huu. Ateliye itafungwa. Bantu benye kula kwa ateliye beko wengi, na mi si wa kwanza kati yao.

Nilirudi. Nikauliza nani alijua mbao ni mbichi. Kabwe anaangalia viatu. Mwisho Mama Ngoie akajibu, ule mwenye kupiga vernisi, mujane na batoto bane.

“Bote, patro. Tulizishusha sisi kwenye lori. Zilikuwa nzito sawa maiti.”

Nikamuuliza juu ya nini hakusema.

“Kapita alikuwa mutani wako, na ulimufunga mudomo. Mi ni nani?”

Niliingia biro. Nikafunga mulango. Hata wenyewe, niliutengeneza na zile mbao, umejipinda, ukakwama. Nikausukuma na bega.

Kazi tatu, 22 Oktoba

Nilienda Katuba kwa miguu.

Mulenga alinipa kiti chake. Alinifutia vumbi na mukono wake. Bibi yake akaleta maji. Mulenga aliniita tata, baba. Tata! Tulizaliwa musimu mumoja.

Nikamuita kambale aliyekaushwa na moshi. Nikangoja.

Alitabasamu, akaniuliza habari ya afya yangu.

Nilimuambia nilikosa. Nilimuambia arudi, kapita, mushirika, chochote anataka. Alinishukuru. Alisema vitanda vinatembea vizuri. Kuhusu mbao alinielekeza muntu wa Kipushi mwenye kuuza za kweli kavu. Alinisindikiza mupaka barabarani, anatembea nyuma yangu hatua moja, kama wanavyofanya na bakubwa.

Angenipiga kofi, ningelala vizuri leo.

Utani hauko kazi. Hauwezi kuuandikisha, hauwezi kuufukuza na kuuita tena. Kwa ile semina hawakusema. Nilizunguka Kinshasa, Ndola, Bujumbura, nikifikiri nguvu ya ateliye ni mimi. Nguvu yake ilikuwa ule mwenye kuniita mukoba.

Posho (jumamosi), 25 Oktoba

Nilivunja biro. Kiti chenye kuzunguka nikakiuza pamoja na redio na abakosti. Nikanunua mbao za Kipushi. Nikazishusha mwenyewe pamoja nabo, mugongo unalia.

Nikabaita bote. Nikasema muntu mwenye kuniambia kosa hatafukuzwa. Nimeapa kwa kaburi ya bibi yangu.

Bakasema ndiyo, patro. Bote pamoja.

Ile “ndiyo” tena.

Kazi ine, 30 Oktoba

Tunafanya kazi toka giza la asubuhi. Kila jioni nauliza nini haiko sawa. Yote iko sawa, patro. Naangalia kila mbao mwenyewe, juu siamini ile “sawa”. Nimechoka. Bantu kumi na zaidi ndani ya nyumba moja, na mi niko peke yangu sawa mulinzi.

Kazi tano, 7 Novemba

Mawingu, mvua hapana.

Tulipeleka milango ya kwanza. Nilikuwa nafunga bawaba kwa nyumba ya yule mama wa kamba. Mama Ngoie alikuwa nyuma na kopo la vernisi. Alikohoa. Akakohoa tena.

“Patro. Bawaba ya juu iko chini kidogo.”

Yeye haiko wa Samaki. Hakuna ukoo wenye kumukinga. Iko na batoto bane.

Nilichukua mita. Tukapima bote babili, yeye ncha moja, mi ncha ingine. Bawaba ilikuwa sawa kabisa. Macho yake ndiyo yalikosa.

Nikaona uso wake unabadilika. Bantu bengine baliacha kupiga nyundo.

Nikamuambia asante. Nikamuomba ashike mulango wakati napima ya chini, sababu ile sikuwa nimeipima.

Alishika. Nyundo zikaanza tena, moja, kisha ingine. Kiisha muda kidogo Mama Ngoie akasema mukono wangu wa kushoto unaficha alama. Nikausogeza.