Kitambulisho Ndani ya Kiatu

Alhamisi, 3 Oktoba

Ruhusa imetoka! Kesho watu sita tunakwenda kuswali Ijumaa kwenye msikiti mkuu wa mji. Miezi mitano kwenye kambi hii ya jeshi ugenini nauona mnara wake kwa mbali nikitoka uvunguni mwa malori, uso umejaa grisi. Mpishi, jirani yangu wa kitanda, kanishauri nioge mara mbili, wasije wakadhani wameletewa injini. Nimeoga mara tatu.

Amri imesomwa upya: ukiwa nje ya kambi, kitambulisho shingoni muda wote. Kikipotea, ripoti siku hiyo hiyo. Tangu yule mtu aingie kambi ya jirani na kitambulisho cha kuokota, hakuna mchezo. Wenzetu watatu walizikwa.

Ijumaa, 4 Oktoba

Msikiti kwanza, unastahili. Gereji yetu nzima ingekaa kona moja tu ikabaki nafasi ya kugeuzia lori. Nilitazama kuba mpaka shingo ikalia kama bawaba. Maelfu ya watu — na kimya. Nikatokwa na machozi, mtu mzima na mvi zangu.

Sasa upumbavu wangu. Kitambulisho kina picha. Marehemu baba alinikataza kuswali na picha mbele ya macho, na hii nikirukuu inaning'inia puani. Kanzu yenyewe ya kuazima, haina mfuko. Basi nikakivua, nikakisukuma ndani ya kiatu cha kushoto, soksi juu yake, kiatu kwenye rafu. Nikajiona mcha Mungu kweli.

Kutoka — viatu hakuna! Pale pale vimekaa vingine, vyeusi kama vyangu, ila vidogo kidogo. Mlinzi wa viatu alinieleza kwa ishara kwamba hutokea kila Ijumaa, watu wana haraka. Nilisubiri mpaka wenzangu wakaanza kupiga honi. Nikavaa vya mtu, na jozi nyingine sina.

Nilikuwa dereva. Roho mkononi mpaka langoni. Mlinzi akaniona usukanini, akasema Babu Spana, pita. Shingoni hakutazama.

Nikapita. Sikuripoti.

Jumamosi, 5 Oktoba

Mpishi kauliza mbona nachechemea. Nimesema jongo. Kasema uzee hauji peke yake, huja na visingizio.

Mama watoto kapiga simu. Nastaafu Desemba, ameshapaka rangi baraza. Kauliza sauti imekauka kwa nini. Vumbi, nikamwambia.

Nikisema, narudishwa nyumbani kwa fedheha, miaka thelathini ya jeshi ikapotea. Na hakuna atakayepewa tena ruhusa ya kwenda kuswali. Nikinyamaza, mtu anaweza kuingia humu na jina langu.

Nimekwenda kwa karani wa mkuu wa kambi mara mbili. Ya kwanza nikaishia mlangoni. Ya pili nikamwuliza kama feni yake inasumbua. Haisumbui. Nikaifungua, nikaifunga.

Jumapili, 6 Oktoba

Usingizi sina. Kila gari likisimama langoni nainuka kuchungulia.

Mchana nilimtazama mpishi akipakulia watu mia mbili, huku anaimba vibaya. Hajui kitu. Tunaojua ni mimi na Mungu, na Mungu hajazi fomu.

Kesho nasema. Kesho hasa.

Jumatatu, 7 Oktoba

Naandika kwenye benchi, nje ya ofisi ya mkuu wa kambi. Daftari liko gotini, mwandiko wa kuku.

Saa nne kelele langoni. Nikatoka chini ya lori mbio. Mtu mmoja, umri wangu, kapiga magoti kwenye vumbi, mikono kichwani, bunduki nne zinamtazama. Mbele yake kitambulisho changu, na viatu vyangu — kavipiga na rangi! Alikuja kurudisha. Kakitoa mfukoni, walinzi wakaona sura si yake, wakapaza sauti kwa lugha asiyoijua. Mkalimani kasafiri, kesho ndiyo anarudi.

Wakamburura ofisini kwa mkuu. Nikafuata nyuma.

Mpishi akanishika bega. "Wamemnasa mwizi wako, Spana. Ungetuambia, bwana, tungekusaidia kuwa na hofu."

Mwizi. Hakuna aliyeniuliza, jibu wanalo tayari. Karani kaniletea karatasi imeshachapwa: kwamba nimeporwa kitambulisho msikitini, nikaogopa kusema. Nitie sahihi tu, nirudi kwenye malori yangu. Nikamwuliza huyu mtu atapelekwa wapi.

"Saa sita wanakuja wale wa usalama wa mjini," akasema. Halafu sauti ya chini: "Wakimchukua wale, kaka, harudi."

Mlango uko wazi nusu. Namwona kakaa sakafuni, mikono imefungwa nyuma. Ametazama miguu yangu, ameviona viatu vyake — uso wote umefunguka! Anawaonyesha askari kwa kidevu, anacheka, anadhani yamekwisha. Askari kamwambia anyamaze.

Saa sita kasoro kumi. Nimesoma ile karatasi mara tatu. Imeandikwa vizuri, mimi mwenyewe ningeiamini.

Karani kaja kuichukua. Nimemrudishia bila sahihi, nikaomba nyingine, tupu, niandike mwenyewe.

Kauliza ya nini. Kasema hakuna muda, gari lao limeshafika langoni.

Nimemwambia alete hivyo hivyo.