Bibo la Mungu, Korosho ya Mwenyewe

Jumatano, 9 Oktoba 1968

Nimesahihisha madaftari ya darasa la nne mpaka mkono ukafa ganzi. Kisha mada ya Jumapili: Mkristo na mali. Padri huja mara moja kwa mwezi. Siku nyingine anaongoza katekista, naye amenipa mimi mazungumzo baada ya ibada. Nimeandika kwamba kazi ni sala. Nimefuta. Nimeandika tena.

Nikitoka shuleni nilimwona mwanamke katika shamba la mikorosho la kanisa. Anainama, anaokota, anajaza tenga. Mchana kweupe, bila haya. Shamba hilo ndilo tunalotegemea kwa mabati ya kanisa. Nilikwenda moja kwa moja kwa katekista nikamwambia kuna mwizi.

Ijumaa, 11 Oktoba

Anaitwa Bi Somoe. Mjane, analea wajukuu watatu. Halmashauri ya kanisa ilikaa jana: katekista, mwuguzi, bwana shamba na mimi. Sote wa kuja. Katekista wa Songea, mimi wa Njombe. Imeamuliwa shamba lizungushiwe miiba, asiingie mtu wa nje mpaka mavuno yaishe. Balozi wa nyumba kumi ametangaza kijiji kizima, na jina la Bi Somoe akalitaja.

Mkono wangu ulikuwa wa kwanza kunyooka.

Jumapili, 13 Oktoba

Nilizungumza vizuri. Nilisema Injili na kujitegemea vinakutana mahali pamoja: kila mtu ale jasho lake. Watu waliitikia kwa vichwa. Nilijipenda. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Jumatatu, 14 Oktoba

Aibu.

Bi Zuhura, mwenye nyumba wangu, alikuwa akimenya muhogo. Nikamsimulia habari za mwizi. Akacheka mpaka akaweka kisu chini.

"Mwalimu we! Ulimwona na korosho?"

Nikasema nilimwona na tenga.

"Tenga la mabibo hilo! Bibo la Mungu, korosho ya mwenyewe. Huko kwenu mlisoma nini?"

Kumbe ndiyo desturi ya huku kote. Tunda likianguka, yeyote huokota. Huinyofoa korosho yake, akaiacha chini ya mti kwa mwenye shamba, akaenda na bibo. Bi Somoe huyaanika mabibo mpaka yawe kochoko, makavu ya kuweka. Ndiyo chakula chao miezi ya mvua, ghala likiwa tupu. Na mwaka huu muhogo wake umeliwa na nguruwe mwitu.

Nilikwenda shambani, nikachanwa na miiba. Chini ya kila mti kichungu cha korosho, safi, bila jani. Alikuwa akituokotea. Bure.

Alhamisi, 17 Oktoba

Mabibo hayangoji. Bibo likilala siku mbili chini linaoza. Shamba linanuka kama kilabu cha pombe, inzi wamejaa.

Nimewaambia wenzangu. Katekista anasema tusiharakishe kutengua uamuzi wa halmashauri. Bwana shamba akatabasamu: "Leo bibo, kesho korosho, keshokutwa mti wenyewe, Mwalimu." Nikawauliza, sisi mabibo tunayafanyia nini? Hatuyafanyii kitu. Tunakizuia tusichokihitaji, kusudi tu kiwe chetu. Nimesoma miaka mingi nikitafuta dhambi ya mali inaanzia wapi. Inaanzia hapa, nami niliipigia kura.



Jumapili, 20 Oktoba

Wakati wa matangazo nilisimama. Nikasema nilimsingizia mtu, na kwamba Mungu hakuliangusha tunda ili lioze ndani ya ua wetu. Katekista, nimtendee haki, aliwatazama waumini, akasema miiba iondolewe leo. Akaanza kuiondoa yeye mwenyewe.

Nikakimbilia kwa Bi Somoe na habari njema. Hakunikaribisha mkekani.

"Mmenitangaza mwizi kijiji kizima. Radhi umeiomba kwa Wakristo wenzio. Mimi nilikuwepo?"

Nikasema miiba imeondolewa.

"Iondoke, isiondoke, siingii. Nikiingia watasema nimerudia."

Nilirudi na hasira, kwanza juu yake. Baadaye nikaelewa. Kutubu kwangu kulinifaa mimi peke yangu. Wajukuu wake hakukuwapa hata kipande cha bibo.

Jumanne, 22 Oktoba

Alfajiri nilikwenda kisimani, wanawake wakiwa wengi. Bi Somoe alikuwa kwenye foleni. Nikaweka ndoo chini nikasema kwa sauti: Bi Somoe hakuiba. Mimi ndiye niliyemzushia asilolifanya. Sikuijua desturi yenu, na sikuuliza.

Mmoja nyuma akasema: "Kumbe na walimu hufeli!" Wakaangua kicheko.

Bi Somoe akainua ndoo yake.

"Haya. Sogea, nichote."



Alhamisi, 24 Oktoba

Mvua bado. Asubuhi Bi Somoe amepita na mkaza mwanawe, wote wawili na matenga, wakaingia shambani. Hakunisalimu. Sikudai.

Nimefundisha mito ya Tanzania. Dirisha la darasa linatazama mikorosho.

Sikuchungulia.