Maziwa ya Mtoto wa Shaba

Jumatatu, 4 Machi 1968

Naran, huna adabu. Nakuandika hapa kwa sababu dukani ulinikimbia ukaingia stoo kabla sijamaliza kusema.

Nimepeleka maziwa kwa Naran na mkewe Kamla, Wahindi wenye duka, kama kila siku. Ya kwanza kumiminwa ni ya Mtoto. Huyo ni Mungu wao wa shaba, mdogo kama kiganja, anatambaa, mkononi kashika donge la siagi. Kamla humwita Krishna. Humwogesha, humvisha, humnywesha, ndipo wenye nyumba wanakula. Mimi Mkristo. Lakini ng'ombe wangu anamnywesha Mungu wa watu, si jambo dogo.

Leo Naran anasema maziwa hayo yakome. Amesoma kitabu. Mungu hana umbo, hana jina, hana mdomo. Yuko kila mahali kama hewa. Kile ni kipande cha shaba tu.

Anamwambia hivyo mwanamke ambaye hakujaliwa kuzaa. Mpumbavu.

Jumanne, 5 Machi

Kamla hakupika. Kamwambia mumewe, "Kama Mungu hana mdomo, na wewe huna tumbo." Nimecheka mpaka maziwa yakamwagika.

Alhamisi, 7 Machi

Kamla kaondoka. Kapanda lori kwenda kwa kaka yake Manyoni. Kaka anahamia Bara Hindi mwisho wa mwezi, na Kamla anasema atafuatana naye. Mtoto kaniachia mimi. Mvua hii, lori wazi, anasema Mtoto atapata mafua.

Alilia. Mimi sikulia. Nililia njiani.

Miaka kumi na miwili tunagombana kila asubuhi, mimi na yule mwanamke. Akienda, nitagombana na nani?

Ijumaa, 8 Machi

Nimemwogesha Mtoto. Nikampaka samli mwili mzima kama watoto wetu. Kapendeza. Nikampa uji wa uwele, maana maziwa matupu hayajengi mifupa. Hakunywa. Nikamkaripia. Halafu nikajishika mdomo. Namkaripia Mungu! Tena si wangu.

Mchana nimekwenda kisimani naye mgongoni. Sikukusudia. Mikono ilifunga kanga yenyewe. Mzee wa kanisa akanipongeza kwa mjukuu mpya. Akachungulia.

Jumapili naitwa barazani. Niitwe.

Jumapili, 10 Machi

Wazee wameniuliza kama namwabudu. Nikasema namtunza. Wakauliza tofauti yake nini. Nikawauliza ni nani kati yao amewahi kuogesha mtoto. Shauri limeahirishwa.

Jumatatu, 11 Machi

Naran kaja kwangu Unyambwa kwa miguu. Viatu matope matupu. Shikamoo yake haisikiki. Kakonda.

"Hewa haijakushibisha?" nikamwuliza.

Akakaa. Akasema nyumba imekuwa kimya, bangili za Kamla hazilii jikoni. Anakumbuka mkewe anavyokunja uso akichuja chai.

Nikamwambia, "Mapenzi si yameenea kila mahali? Yako hata zizini. Kawapende mbuzi."

"Bibi, namtaka Kamla."

"Wa nini huyo? Ana umbo, ana jina, ana mdomo. Tena mdomo mkubwa."

Kisha akasema kitabu chake hakikukosea. Mbishi! Nikamwambia sijasema kimekosea. Bibi yangu mzaa baba alilisalimu jua kila asubuhi, ndiyo sala yake, wala hakulivisha shati. Lakini hakumcheka mtu aliyebeba mtoto. "Kitabu chako kizuri, Naran. Mdomo wako ndio mbaya."

Kesho kuna lori la Manyoni. Nimemwamuru apande. Kitabu akiache.

Jumatano, 13 Machi

Hakuna habari. Barabara mbovu. Sijalala vizuri. Mwalimu wetu wa kisomo cha watu wazima alisema tuandike kila siku, basi nimeandika.

Ijumaa, 15 Machi

Wamerudi jana. Asubuhi nimempeleka Mtoto. Kamla kamnusa, kasema ananuka samli. Tukagombana kidogo. Roho yangu ikatulia.

Naran bado anasema hewa. Kamla bado anasema Mtoto. Hakuna aliyeshinda. Lakini chapati zilipoiva, Naran hakugusa. Alifunga kitabu akangoja Mtoto anyweshwe. Hakuinama. Alingoja tu, mikono magotini. Kamla alimwona.

Mvua imekatika. Mtama wangu umezidiwa na magugu. Kesho waje wote wawili, na majembe yao. Nitawapa mstari mmoja, bega kwa bega. Atakayetaja Mungu kabla ya kufika mwisho wa shamba anaanza upya.